Matrikule

Kipande cha shaba, upana wa kizibo cha soda,
tundu moja juu la kupitisha waya,
na tarakimu saba alizozigonga mtu mwenye haraka:
1022117.
Hiyo saba ya mwisho imeinama kidogo.

Kule kantini ya kampuni hawakuita Umba Kalenga.
Waliita moja-sifuri-mbili-mbili-moja-moja-saba,
nami, kapu kichwani, niliitika "Tupo!"
nikapokea unga, chumvi, samaki mkavu.
Mwaka mishahara ilipokatika waliiita mara mbili.
Hawakuiita tena.

Baba tumemzika. Jetoni ninayo.
Katuba nzima haina umeme tangu saa moja,
wanangu wamelala,
nimegeuza bili ya umeme upande wake mweupe
na kuuliza kile ambacho ofisi haikuuliza:
humu ndani mna nini?

Ni witiri, basi mbili apite zake.
Jumlisha tarakimu: kumi na nne. Tatu hana fungu.
Saba alikula akabakiza tano.
Kumi na moja akabakiza nane.
Kumi na tatu naye tano, kana kwamba kapatana na saba.
Kumi na saba, tisa.
Kumi na tisa, kumi na mbili.

Wiki tatu hivyo. Mchana nauza makala,
usiku nagawanya kwa vidole vile vile vyeusi.
Mwalimu Kyalwe alitufundisha: namba isiyogawanyika
ila kwa moja na kwa nafsi yake huitwa tasa.
Darasa lilicheka.
Mimi sikucheka. Nyumbani alikuwapo shangazi Mwadi,
amerudishwa kwao na godoro lake,
kwa neno hilohilo.

Tasa walio chini ya elfu ni mia na sitini na wanane.
Nilibisha hodi kwa wote.
Wa mwisho, 997, alitoa nje baki ya 192
akafunga mlango.
Nikasema haya, mzee, umekataa,
wewe ni tasa, lala.

Mshumaa ulikuwa umebaki kama ukucha.
Nikajaribu upande mwingine, kwa uchovu tu:
imepungukiwa na ngapi kuwa mraba?
1011 mara 1011 ni 1022121.
Pungufu: nne.
Nne!
Na nne yenyewe ni mraba wa mbili,
na mraba ukitolewa mraba hufunguka kama daftari,
kurasa mbili:
1011 toa mbili, 1011 ongeza mbili.
1009. 1013.

Tasa mara tasa.
Majirani, na kati yao hakai tasa mwingine.
Shangazi, sikia: tasa wawili wamemzaa baba.

Usiniambie ile nne ni sisi watoto.
Tulikuwa watano.
Fundi aligonga iliyofuata kwenye orodha, akaitupa ndooni,
akachukua nyingine.

Lakini hili nalo limo, nimelihakiki mara tatu:
mraba wa 974 na mraba wa 271, ukiviweka pamoja,
ni 1022117.
Na mraba wa 961 na mraba wa 314, vilevile.
Viwanja viwili, kisha viwili tena.
Kampuni ilimwahidi kimoja,
nyuma ya terili, pale panapovuma vumbi jeusi,
na karatasi yake haikutoka.
Alivivaa shingoni vyote miaka ishirini na sita
pasipo hatimiliki.

Mshumaa umekwisha. Naandika gizani, mistari inapandana.
Nawaza jirani yake kwenye ile ndoo, 1022118.
Yule ni shufwa, na tarakimu zake ni kumi na tano.
Kesho nikipeleka makala mtaa wa Kenya nitaulizia alikuwa nani,
kama yupo, kama ana mtoto.
Nimwambie: ya kwenu inagawanyika kwa mbili na kwa tatu,
unaiona papo hapo,
huhitaji hata kukaa.